Siku Karavani Ilipovuja Mbele ya Wageni

Kanisani kwao Umbilo, mjini Durban, Niyongabo aliitwa Fundi. Jina hilo alilipata kwa kazi moja tu: benchi la waimbaji lililegea mguu, yeye akapiga misumari miwili, benchi likasimama. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita kwa jina lake, naye hakumkosoa mtu. Ukweli ni kwamba kazi yake ilikuwa kubeba. Duka la fenicha pale Umbilo Road lilimlipa kupandisha makochi ya watu kwenye flati zisizo na lifti, na mgongo wake ulilijua hilo hata kama kanisa halikulijua.

Si mtu mbaya, tuseme mapema. Alitoka Makamba, Burundi, akiwa kijana, akapita Tanzania, akapita Msumbiji, na kote alikopita aliishi kwa huruma za watu. Alikuwa amepokea mpaka neno asante likawa linamkaba koo. Kwa hiyo mkewe Annick alipopata mimba, na chumba walichogawana na familia nyingine kikawa hakikaliki, haikuwa rahisi kwake kuipokea karavani ya Mzee Essop, mteja mmoja wa duka lile. Lakini aliipokea, angefanyaje?

Karavani hiyo, nyumba ndogo ya magurudumu, ilikuwa uani kwa mzee, mtaa wa Sydenham. Miaka ya nyuma Essop aliivuta kwa gari lake kwenda likizo na mkewe Shireen. Sasa magoti yalikuwa yamemgomea na safari zimekwisha. "Kaeni mpaka mpate nguvu," alisema, na habari ya kodi hakutaka kuisikia. Aliyasema hayo kwa Kiswahili. Yeye ni mzaliwa wa Durban, lakini ukoo wake ulitoka Afrika Mashariki, na nyanya yake alimlea kwa lugha hiyo.

Karavani ilikuwa nzuri, ila ilivuja. Kila mvua iliponyesha, maji yaliingia kwenye kona iliyo juu ya kitanda. Ubao wa ukuta ulikuwa umevimba na kulainika kama mkate uliochovywa chai, na nyuma yake kulitoka harufu ya kuvu ambayo hata sabuni haikuiweza.

"Maji yanaingia kwa juu, mwanangu," Essop alimwambia. "Tuanze na paa. Tukwangue silikoni yote ya zamani, tuzibe upya. Halafu ng'oa huu ubao uliooza, acha ndani pakauke vizuri. Ubao mpya uwe wa mwisho. Jumapili nitakushikia ngazi."

"Usijisumbue, Baba. Mimi ni fundi."

Alilisema bila kupepesa macho. Karavani ya mzee, umeme wa mzee, maji ya mzee, na sasa mzee amshikie na ngazi? Hapana, hiyo ingekuwa imezidi.

Jumapili ilipita, na nyingine ikapita. Mtoto akazaliwa, wakamwita Gaël. Ndipo Mama Spès, kiongozi wa akina mama kanisani, akatuma habari kwamba Jumamosi wanakuja kuhemba. Kwa Warundi hilo si jambo la kuahirisha. Mama aliyejifungua huendewa kwa kundi, na chakula, na soda, na nguo za mtoto, na nyimbo. Wageni hukaa, humwona mtoto, na wakishamwona mtoto huanza kuona na mengine yote.

Niyongabo akautazama ukuta wake kwa macho ya wageni, na hapo ndipo alipopotea. Mgeni hapandi juu ya paa, mgeni anakaa ndani. Basi paa akaliacha lilivyo. Alinunua playwudi mpya, akaipigilia juu ya ule ubao uliooza, akaziba kingo zote kwa silikoni mpaka hewa ikakosa pa kupita, akapaka rangi nyeupe. Ilipendeza, msinielewe vibaya. Ilipendeza kweli.

Annick alikuwa ameketi mlangoni na mtoto kifuani. "Baba Gaël, na maji je?"

"Maji gani? Unaona maji?"

Alifoka kwa sababu swali lilikuwa zuri.

Mvua ilianza Alhamisi na haikupumua. Jumamosi wageni walifika wamelowa viatu, wakajibana kwenye viti na kitandani, wakaimba, wakapokezana mtoto. Bizimana, mjenzi anayeishi Queensburgh, alitazama huku na huku akatikisa kichwa. "Eish, Fundi! Hii iko sharp kabisa." Niyongabo alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Kwa muda mfupi alikuwa mwanamume mwenye nyumba.

Kisha rangi ikaanza kuvimba. Lilikuwa lengelenge dogo pale konani, likashuka, likatanuka. Bizimana, kwa mazoea ya kazi yake, akaligusa kwa kidole gumba, na kidole kikazama. Ubao ukaachia. Maji yote yaliyokuwa yamefungiwa nyuma yakamwagika, ya kahawia, yananuka, juu ya kitanda, juu ya nguo mpya za mtoto, juu ya kitenge cha Mama Spès. Bahati Annick alikuwa amemnyakua Gaël.

"Nani alifanya hii kazi?" Bizimana aliuliza. "Huyu mutu alifungia maji ndani! Kazi inaanza kwa paa, yeye alianza na rangi."

Mdomo wa Niyongabo ulifunguka kabla hajaamua utasema nini. "Ni mwenye nyumba. Nilimwambia tuanze na paa, akakataa. Si munajua watu wa hapa? Sisi wakimbizi wanatuona hatuko kitu."

Wageni wakaguna kwa huruma. Niyongabo akamtazama Annick, akakuta Annick anatazama mlangoni. Mzee Essop alikuwa amesimama pale chini ya mwavuli, ameshika sufuria ya biriani iliyopikwa na Shireen.

Wageni hawakushtuka. Kwao huyu ndiye mwenye nyumba, mtu wa hapa tu, na watu wa hapa Kiswahili hawakijui. Mama Spès akamtolea mzee tabasamu la heshima, akafumba macho, akaomba kwa sauti: "Baba wa mbinguni, muguse huyu muzee. Moyo wake iko muzito kama jiwe. Anaweka mutoto muchanga mu maji. Umufundishe huruma, Bwana."

Essop aliinamisha kichwa mpaka sala ikaisha.

"Amina," alisema. Kisha, kwa Kiswahili kilichonyooka: "Sogea huku, mama, hapo utalowa tena. Mniwie radhi, wageni. Karavani ni yangu." Akakabidhi sufuria, akatoka kwenda kutafuta turubai.

Niyongabo aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe. Alitoka mbio, akamkuta mzee nyuma ya karavani akihangaika na turubai kwenye mvua.

"Baba, nisamehe. Nimekukosea."

"Shika huku," Essop alisema. Wakalikunjua. "Mbona unaniambia mimi? Mimi najua nani aliupigilia ule ubao. Wasiojua wako ndani."

"Nitawaambia, Baba. Jumapili, kanisani."

Essop alisimamisha ngazi, akaikamata kwa mikono miwili. "Panda."

Akapanda, akaanza kulifunga turubai. Sauti za ndani zilimfikia wazi. "Kumbe anasikia Kiswahili! Sasa atawafukuza." "Roho mbaya ile, na biriani yake." Niyongabo alisubiri amsikie Annick akimtetea mzee. Hakumsikia. Alielewa kwa nini: kumtetea mzee kungekuwa kumvua nguo mumewe mbele ya kanisa zima. Mkewe alikuwa amekaa kimya mle ndani, ameubeba uongo ambao si wake.

Hakumaliza hata kamba ya mwisho. Alishuka, akaingia, akasimama mlangoni maji yakimchuruzika.

"Ule ubao ni mimi," alisema. "Muzee aliniambia nianze na paa, nikakataa. Alisema atanishikia ngazi, nikakataa. Hapa hatulipi kodi. Hatujawahi kulipa. Nimewadanganya."

Bizimana aliweka sahani chini. Annick alimfunika mtoto vizuri, machozi yakimlengalenga.

"Sasa ile maombi yangu," Mama Spès aliuliza taratibu, "nilikuwa ninaombea nani?"

Niyongabo akanyoosha mkono juu, kama mtoto darasani, na akauacha huko.