Usukani Uliolaza Vidole Vyangu

Naitwa Rebeka Poni. Ukifika Mangateen, mtaa wetu hapa Juba, utasikia naitwa habuba, yaani nyanya, na wengi wanaoniita hivyo niliwapokea mimi mwenyewe walipozaliwa. Kaeni nami kidogo. Nimechoka, kwa hiyo nitasema polepole, lakini nitasema, maana najua wapo wanaoamka asubuhi vidole vimelala na wanaambiwa ni uzee tu, vumilia.

Kabla ya ugonjwa mikono ndiyo ilikuwa shule yangu. Ile ya madaftari niliiacha mapema, naandika kwa shida. Lakini nikiweka viganja juu ya tumbo la mama mjamzito, nilijua: hapa mgongo, hapa kisigino, kichwa kiko huku chini. Mama yangu, Yunia, alinifundisha hivyo. Akanifundisha pia kwamba mkunga hasahau jina la mtoto aliyemshika. Sijasahau. Lado wa Esta. Kiden wa Mariamu. Gore wa Tabita, aliyetoka akipiga chafya. Naweza kuendelea mpaka mlale.

Miaka ile baada ya mkataba wa amani tulirudi Juba kutoka ukimbizini Arua, Uganda. Watu walimiminika kwa malori, wengine kwa matishali ya mtoni mpaka bandarini. Nyumba za turubai zilijaa, barabara hakuna. Kanisa letu likapewa zawadi ya pikipiki ya magurudumu manne, yenye kitoroli cha kuvuta nyuma, iwapeleke kina mama hospitali. Tuliiita Mbuzi kwa jinsi ilivyorukaruka.

Shida ikawa dereva. Wanawake walikataa: mwanamume asiye wangu atanibebaje nikiwa na uchungu? Kwetu ni aibu hiyo. Mchungaji akauliza ni mama gani amewahi kuendesha kitu chenye magurudumu. Nikainua mkono. Kule Arua nilibeba mihogo kwa baiskeli, mwaka nenda mwaka rudi. Kanisa zima likacheka. Mjukuu wangu Keji alicheka kuliko wote.

"Habuba, wewe na Mbuzi, nani atamwangusha mwenzake?"

Basi niliendesha Mbuzi kama baiskeli ya mihogo. Gunia likiwa nyuma, baiskeli inanyanyua pua. Lazima uukandamize usukani kwa uzito wako wote, viwiko umevinyoosha kama vijiti, viganja vimebana. Ukilegeza, uko chini wewe na mihogo. Mwili wangu haukujua namna nyingine. Na ile Mbuzi mafuta unayatia kwa kusukuma kijiti kidogo kwa kidole gumba, safari nzima unasukuma tu. Udongo wa kwetu nao, mvua ikiisha, makorongo ya matairi yanakauka yanakuwa magumu kama mifupa. Kila shimo nililipokea kwa viganja, linapanda kwenye kifundo cha mkono, kwenye kiwiko, mpaka begani.

Mwanzo ilikuwa kuwashwa tu, kama sisimizi wanatembea ndani ya ngozi. Nikipangusa, hawatoki. Halafu kidole gumba kikaanza kuuma kwenye shina, nikishika kikombe kinadondoka. Halafu usingizi ukaniacha. Nikilala, mikono inawaka moto, nakaa kitandani naikung'uta kama mtu anayekung'uta mkeka. Asubuhi sikuweza kufunga kifungo cha gauni. Keji alinifunga, mimi ninayefunga vitovu vya watoto.

Nikafanya tunavyofanya sisi mkono ukiuma: nikakata utepe wa mpira wa ndani wa gurudumu, nikafunga vifundo vyote viwili, nikakaza sana. Ukikaza maumivu yanapungua, ndivyo tunavyoamini. Kweli yalipungua. Lakini na vidole vikafa kabisa. Sikujua kwamba nimeongeza.

Fundi wetu alikuwa Okello, Mganda wa boda, ana kijibanda karibu na soko. Nilipomwambia Mbuzi inanipiga, alipiga magurudumu teke, akaongeza upepo.

"Jajja, gurudumu laini ni aibu ya fundi! Mimi iko najaza mpaka inalia kama ngoma."

Jajja kwao ni nyanya. Nilimshukuru. Ilinipiga zaidi.

Sasa sikilizeni jambo lililonivunja. Keji alikuwa na mimba ya kwanza. Keji huyu ni wa binti yangu Asunta, na Asunta alifia mikononi mwangu siku aliyomzaa Keji, kule kambini. Kwa hiyo alipoanza kuonekana tumbo, aliniambia mapema, wala hakutabasamu:

"Habuba, mimi sitazaa bila mikono yako. Mama alikwenda, lakini mimi ulinitoa. Mtoto wangu utamtoa wewe."

Siku moja mchana alijilaza mkekani nimpime. Nikaweka viganja. Nikangoja. Sikusikia kitu. Nilikuwa kama mtu anayepapasa ukuta amevaa glavu. Nikabonyeza huku, nikabonyeza kule.

"Amekaaje?" Keji akauliza.

Sikumdanganya. Nilimwambia, "Sijui. Kichwa au makalio, sijui. Vidole vyangu havisemi."

Akajifunika nguo yake, akaniambia, "Basi kesho tunakwenda kliniki ya Thongpiny. Na usiniambie umechoka."

Nilikuwa nimechoka. Nilikwenda.

Kwenye kliniki ile kulikuwa na Mkenya, mtaalamu wa viungo, tukimwita Sista Wambui. Mrefu, ana sauti ya kuchokoza, na mimi akaniita Shosho, ndiyo nyanya ya kwao. Kitu cha kwanza alichofanya alichukua mkasi akakata mipira yangu. "Shosho, huu mkono ni wako ama wa adui yako? Nani amekufunga hivi?" Akagongagonga kifundo kwa kidole, umeme ukaruka mpaka kwenye ncha za vidole. Akaniambia nikunje mikono nigusanishe migongo ya viganja, sikumaliza kuvuta pumzi mara chache vidole vikalala vyote.

Akanieleza. Kwenye kifundo kuna njia nyembamba, mshipa wa hisia unapita humo pamoja na kano. Ukiukandamiza na kuutikisa kila siku, kano zinavimba, mshipa unakosa nafasi. "Nao ukinyimwa nafasi kwa muda mrefu, Shosho, hautarudi. Sikufichi."

"Mjukuu wangu anajifungua mwezi ujao," nikasema.

"Basi tuanze leo. Nionyeshe unavyoendesha."

Akanikalisha, akanipa fagio nilishike kama usukani. Nililishika. Akacheka mpaka akafuta macho. "Unaendesha ama unanyonga kuku?"

Kesho yake alikuja mwenyewe kuiona Mbuzi. Akagonga gurudumu kwa ngumi. "Huu ni mpira ama ni jiwe?" Akamwita Okello, akamwonyesha maandishi yaliyochapwa ubavuni mwa tairi. Matairi ya namna hii hujazwa upepo kidogo sana, si kama ya boda. Tumbo la tairi ndilo linalomeza mshtuko. Likiwa gumu, mshtuko anaumeza dereva.

Okello akajikuna kichwa. "Kumbe ni mimi nilikuwa napiga Jajja." Akatoa upepo palepale, Mbuzi ikapumua kama ng'ombe anayelala. Akalegeza usukani akauzungusha kidogo kunijia, ili vifundo vyangu vikae sawa na mkono, visipinde kwenda juu. Vishikio akavivika mpira mnene laini. Kile kijiti cha mafuta akakisogeza ili kidole gumba kisijinyooshe.

Wiki za kwanza sikuendesha kabisa; Esta, yule mama yake Lado, aliendesha nikimwelekeza. Nilivaa vibao vya kunyoosha kifundo nikilala. Nilimeza dawa za uvimbe baada ya chakula. Nilikunja na kukunjua vidole asubuhi na jioni, kazi ya kuchosha kuliko kutwanga, maana huoni unga. Siku nyingine nililia tu. Keji alikuwa akikaa karibu, tumbo mbele, ananiambia, "Kunja tena."

Hisia haikurudi kwa kishindo. Siku moja nilikuwa napepeta mtama, nikahisi punje moja imekwama chini ya kucha. Nikasimama na ungo mkononi. Punje moja! Nikamwita Keji aje aione, na hakuna cha kuona.

Uchungu ulipomshika, Esta alitupeleka hospitali kwa Mbuzi laini, na Keji ndani ya kitoroli hakupiga kelele shimoni hata kidogo. Nesi wa zamu, Grace, aliniruhusu nisimame naye. Kabla ya hapo nilikuwa nimeweka viganja tumboni: mgongo huku, kisigino hapa. Kichwa chini. Grace alipima pia, akasema hivyohivyo. Na mtoto alipotoka nilimpokea kwa mikono yangu, na chini ya kidole changu cha shahada nikausikia utosi unapigapiga, tuk, tuk, laini kama koo la chura. Keji akauliza, "Unamsikia?" Nikamwambia namsikia.

Nawashukuru Wambui na Okello na Esta, na Mungu aliyewakutanisha nami. Siwaambii nimepona kama msichana. Mkono wa kushoto bado unawashwa mvua ikikaribia, na safari ndefu siendi. Lakini nyinyi mnaoendesha hizi za magurudumu manne: usikamate kama unanyonga. Shika kama unavyomshika mtoto anayejifunza kutembea. Kunja viwiko kidogo. Ukiona shimo, inuka kitini, magoti yapokee. Toa upepo, tairi lilainike. Simama njiani ukung'ute mikono. Na vidole vikianza kulala, usivifunge mpira, nenda ukapimwe siku hiyohiyo.

Mtoto ni msichana. Tumemwita Asunta. Hilo nalo sitalisahau.