Chipsi, Kola na Tumbo la Muriel

Miaka nenda miaka rudi, Avis Puttock aliwaambia watu wa mtaa wao pale Portsmouth kwamba yeye amewahi kuigiza filamu. Alikuwa binti mfanyakazi wa kiwanda cha sidiria walipokuja watu wa kamera kupiga filamu ya mabaharia vijana walioshuka melini kwa mapumziko ya siku moja. Wakataka wasichana wa kucheza dansi. Avis akajitosa, na gauni la madoadoa la kuazima.

Filamu yenyewe ilioneshwa wiki moja tu, ikapotea kama sindano mchangani. Na Muriel, dada yake, hakumwamini hata siku moja.

"Uongo wako umeota mvi, Avis," alikuwa akimwambia kila Krismasi, mbele ya wajukuu.

Basi mwaka huu filamu ikapatikana, ikatangazwa kuoneshwa ukumbi wa kanisa, Jumamosi mchana. Avis alirukaruka jikoni kama mtoto, kisha akaketi ghafla. Asipoonekana je? Uso atauficha wapi? Siku ilipofika akapaka rangi ya mdomo, akaifuta, akapaka tena.

Walikaa mstari wa mbele: Avis, Muriel na mfuko wake wa peremende, na Clive, mtoto wa Muriel, mtu mzima wa miaka sitini na ushee, kipara kinang'aa.

"Ukijiona nifinye," Muriel alisema. "Nisije nikapitwa na malkia wa sinema."

"Mama, mwache mama mdogo," Clive akanong'ona.

Ikaja dansi. Magauni yakazunguka, ya maua, ya mistari, meupe. Madoadoa hakuna. Muziki ukakoma, mabaharia wakatoka nje, basi.

"Pole, mdogo wangu," Muriel alisema, na safari hii hakucheka. Hapo ndipo palipouma.

Sasa baharia mkuu wa filamu akawa anaagana na mpenzi wake mbele ya duka la samaki na chipsi. Maneno ya huzuni, machozi. Nyuma yao foleni ya watu wa kawaida. Mara kutoka kwenye foleni akachomoka msichana mwenye aproni, rola za nywele kichwani, mdomo umejaa chipsi. Kwa mbali alikuwa anapita baharia mwingine, wa kweli, na shughuli zake. Msichana akamkimbiza, akaruka, akamgusa ile kola pana inayolala mgongoni, maana mjini kwao kola ya baharia huleta bahati. Baharia akashtuka, kofia ikadondoka. Msichana tayari anarudi mbio, kiganja kakitanguliza kama aliyebeba kaa la moto, hadi kwa mwanamke aliyeegemea ukuta, tumbo kama beseni la kufulia. Akakibandika pale tumboni.

"Mungu wangu!" Muriel alisimama, peremende zikamwagika. "Tumbo langu lile!"

"Kaa chini, bibi!" mtu wa nyuma akafoka.

"Sikai! Tumbo ni langu, na koti ni la marehemu mume wangu, langu lilikuwa halifungi!"

Avis alikuwa mdomo wazi. Siku ile ya chipsi kamera hakuiona. Alichojua ni kwamba mkunga kasema mtoto amekaa vibaya, na dada yake halali usingizi.

"Kwa hiyo na mimi nimo kwenye filamu?" Clive akauliza.

"Umo! Kichwa juu, matako chini, mkaidi tangu tumboni!" Avis alimjibu, akacheka mpaka rangi ya mdomo ikafika kidevuni.

"Na kesho yake akageuka," Muriel alisema, akamshika Avis mkono ule ule.

"Rudisha nyuma!" ukumbi ukapiga kelele. Wapenzi wakaagana tena, wakalia tena, hakuna aliyewasikiliza. Msichana wa chipsi alipochomoka, ukumbi mzima ukampigia makofi.

Muriel akawageukia wa nyuma, kidevu juu. "Huyo ni mdogo wangu. Si nawaambia siku zote kwamba aliigiza filamu? Hamsikii!"