Muhuri Usiopaka Kidole

Juzi nilikuwa kwenye geti la hospitali moja kubwa ya Butembo, nikimngoja shangazi yangu atoke. Mbele yangu alisimama mama mwenye mtoto mgongoni, na barabarani gari la kwenda Kirumba lilikuwa likimpigia honi.

Hospitali hiyo imeleta mashine mpya. Zamani karatasi ziliandikwa kwa mkono. Sasa mashine moja inazichapa zote, pamoja na saini na muhuri wa bluu. Mama akatoa karatasi yake ya kutoka. Mlinzi akalamba kidole gumba, akausugua muhuri, akakitazama kidole. Kilikuwa safi.

"Mama, hii hapana cachet, hapana muhuri ya kweli. Hii ni picha ya cachet."

"Mais papa, ni bo benyewe ba ofisi balinipatia!"

"Nani alipiga?"

"Machine."

"Donc kesho bakiniuliza nani alikuacha utoke, nitaita machine?"

Honi ikalia tena. Mama akakimbia ofisini, mtoto akitikisika mgongoni. Aliporudi, juu ya muhuri wa mashine palikuwa na mwingine wa mpira, umepigwa kwa hasira mpaka wino umetapakaa. Mlinzi akalamba, akasugua, kidole kikawa bluu.

"Voilà. Safari njema, mama."

Gari lilikuwa limeshaondoka.

Nilichemka. Tumenunua mashine ya kuchapa upesi, nikawaza, lakini ya kuaminiana upesi haiuzwi popote.

Ndipo shangazi akatoka, akanipa karatasi yake niishike. Nikajikuta nimeshalamba kidole.