Vyuma Sita vya Pikapu ya Baba

Baba alipofariki nilikuwa Malaba, mpakani, nikipakua mizigo ya malori. Nilifika nyumbani Mutuini Jumatatu asubuhi, nikamkuta mama jikoni akimenya viazi vya watu waliokuwa wakija kutwa kutupa pole. Hakulia aliponiona. Aliniangalia viatu, akasema, "Pikapu imelala upande mmoja. Angalia ina nini. Ijumaa ndiyo itamleta baba yako."

Dada yangu alikuwa ameshapata gari la kukodi la kubebea maiti, lenye vioo na mapazia. Mama alilikataa. Baba aliendesha pikapu ile tangu nikiwa darasa la tatu. Alibeba mawe ya kujengea, nyasi za ng'ombe na mbolea, na Jumapili alitubeba sisi kwenda kanisani. Mama alisema mume wake hatarudishwa nyumbani na gari la mtu asiyemjua. Hakuna aliyebishana naye.

Nililala chini ya gari. Wiki ile sikuwa nikihisi kitu. Watu walinishika mkono, nami niliwajibu asante jinsi mtu anavyojibu akirudishiwa chenji. Lakini macho yalifanya kazi. Springi ya nyuma upande wa kushoto ilikuwa imevunjika. Springi za pikapu kama ile ni vyuma virefu vilivyopindwa kidogo na kulazwa kimoja juu ya kingine, kirefu juu, kifupi chini. Kile kirefu kilikuwa kimekatika karibu na tundu la mwisho. Nikahesabu vyuma. Vilikuwa sita. Nikaanza kujiuliza kwa nini sita, maana nilishawahi kulala chini ya pikapu nyingine za aina hiyo, na zilikuwa na vinne.

Niliiendesha polepole mpaka Riruta, kwa fundi aliyekuwa akimtengenezea baba. Alivua kofia, akanipa pole, akaivaa tena na kuingia chini. Alitoa springi zote mbili, ile nzima na ile iliyovunjika.

"Hizi hubadilishwa pamoja," alisema. "Ukibadilisha upande mmoja, gari itatembea kama mtu amevaa kiatu moja. Enda Kirinyaga Road. Na ubebe ya zamani, usiende kuwaambia kwa mdomo. Pale hawasikii mdomo, wanasikia chuma."

Ndivyo kazi inavyofanyika pale, kwenye mtaa wa vipuri vya magari. Jumatano nilitembea katikati ya jiji na springi ndani ya gunia begani. Kila mita chache mtu alinivuta mkono, "Bosi, leta tuone! Hiyo tuko nayo!" kabla hata hajajua ndani mna nini. Niliingia kwa mzee mmoja ambaye hakuniita. Duka lake lilikuwa na upana wa mlango, na vyuma vimesimamishwa ukutani kama kuni.

Alilaza springi yangu kwenye sakafu ya simiti, akachuchumaa, akapitisha kidole gumba juu yake.

"Hii imeongezwa," alisema. "Vyuma vinne ni vya pikapu. Hivi viwili ni vya lori, vimekatwa vikaingizwa. Mwenye gari alikuwa anabeba mawe?"

"Mawe na mbolea."

"Na hakuwa anapunguza mwendo kwa matuta. Ona vile vimesuguana."

Ilikuwa kweli. Baba hakupunguza mwendo kwa ajili ya tuta lolote. Gari likiwa na mawe lilitulia. Likiwa tupu liliruka, na mama alikuwa akikalia blanketi lililokunjwa mara nne kwa sababu ya mgongo. Jumapili baada ya Jumapili nilimsikia akisema, "Baba watoto, mgongo wangu." Baba alimjibu kwamba gari la kazi haliwezi kuwa kiti cha sofa.

Nilimwuliza yule mzee kwa nini vyuma vina urefu tofauti, kwa nini visiwe vyote sawa. Nilimwuliza chuma hupindwa kikiwa moto au baridi. Alinijibu yote bila kuharakisha, huku akipima umbali wa matundu kwa kipande cha kamba. Kisha akaegemeza jozi mbili ukutani. Moja ilikuwa ya vyuma sita, mpya, imefuliwa hapa hapa mjini. Nyingine ilikuwa ya vinne, iliyotoka kwenye gari lililotumika Japani, rangi ya kiwandani bado iko.

"Sasa ni wewe. Utabeba nini?"

"Mtu mmoja."

"Mtu moja si atakaa mbele?"

"Huyu atakaa nyuma."

Alinitazama, akaitazama springi iliyovunjika, akaelewa. Akasimama. Magoti yake yalilia.

"Pole, kijana yangu. Basi usichukue hizi ngumu. Mzigo mwepesi kwa springi ngumu, unaruka kama mbuzi. Utamsikia akigonga huko nyuma njia yote."

Nikachukua za vyuma vinne. Huo ndio uamuzi pekee niliofanya wiki ile, na niliufanya haraka.

Fundi alipoziona alikuna shingo. "Ni laini. Na watu?"

"Watu watapanda basi la kanisa."

"Sawa," akasema. "Umekaa mbali na nyumbani sana, lakini sawa."

Ijumaa, kwenye mochari, mama alitoa blanketi lake mbele akalitandika nyuma, na jeneza likawekwa juu yake. Nikafunga mlango wa nyuma. Nilipogeuka, mama mmoja wa kanisa alikuwa tayari ameweka mguu kwenye gurudumu.

"Mama, basi liko pale."

"Basi ni la wageni," alisema, akimpa mwenzake mkono. "Unataka babako aende peke yake? Songa, mama, songa!"

Walipanda kumi na mmoja, wakakaa pande zote mbili za jeneza, maua mapajani. Nilikuwa nimeona mazishi mengi utotoni, na daima kulikuwa na akina mama nyuma. Nilikuwa nimesahau. Nilikuwa nimenunua springi za mtu mmoja.

Pikapu ilikaa chini kama kuku anayeatamia. Njia nzima, Barabara ya Ngong, Barabara ya Naivasha, Riruta, akina mama waliimba na mimi nilisikiliza chuma. Kila tuta nililipanda kiupande. Mama alikaa kando yangu bila blanketi, mkoba magotini, akitazama mbele. Kwake jambo lilikuwa moja tu, pikapu ifike. Nami nilijua kwamba isipofika, jeneza litahamishiwa gari lingine kando ya barabara, watu wakitazama.

Tulipoacha lami Mutuini, kwenye kile kilima kabla ya nyumbani, tairi zilianza kusugua bodi. Harufu ya mpira ikaingia. Nilisimama, nikashuka, nikawaambia akina mama kwamba gari haliwezi.

Hakuna aliyenilaumu. Waliruka mmoja mmoja, wakishika gauni na maua. "Ata yeye hakuwa anatubeba bure. Leo tunalipa kwa miguu," mmoja alisema, na wengine wakacheka kidogo. Wakajipanga nyuma ya gari kwa miguu, wakaendelea na wimbo pale walipouachia.

Pikapu ikainuka. Nilipanda kilima kwa gia ya kwanza, na kwa mara ya kwanza gari lile lilipita juu ya mashimo yale bila kuruka. Liliyumba tu, kwa upole, likatulia. Nyuma hakukugonga kitu.

Nilisimamisha gari uani. Mama hakushuka. Aliweka kiganja kwenye kiti, mahali blanketi lilipokuwa likikaa.

"Kumbe ingewezekana," alisema.

"Nini, mama?"

"Miaka yote hiyo. Ingewezekana."

Akafungua mlango akashuka. Mimi nilibaki na mikono kwenye usukani mpaka mtu akagonga dirisha, akitaka nije nifungue nyuma.