Kaka Yangu na Klabu ya Mji wa Matofali

Mpira wa Italia mimi sikuupenda hata siku moja. Nilikuwa nawaona wanacheza kama watu wanaolinda duka, wote nyuma, mmoja mbele, na mechi inakwisha hakuna aliyetoka jasho. Lakini iko klabu moja ya huko, ya mji mdogo ambao hata Wataliano wengi hawaujui, na historia yake naijua kuliko ninavyoujua ukoo wa mama yangu. Niliisikia kwa lazima. Chumba chetu cha kampuni kule Sanaya, mtaa wa viwanda wa Doha, kilikuwa na vitanda vya ghorofa. Kaka yangu analala chini, mimi juu yake, na mtu akishaamua kukuhadithia kutoka chini ya godoro lako, utakwenda wapi?

Mimi nilikuwa dereva wa basi la kampuni, nachukua wafanyakazi alfajiri nawapeleka kwenye majengo, jioni nawarudisha. Kaka alikuwa mlinzi wa geti, kampuni hiyo hiyo. Yeye ndiye aliyetangulia Doha, akanivuta, na mpaka leo mama hajaamua kama anishukuru au anilaumu.

Sisi ni watu wa Malindi. Mtoto wa Malindi hata kabla hajajua kufunga viatu anajua kumwamkia Mtaliano kwa Kitaliano. Kaka alifunzwa na mzee mmoja wa Kitaliano aliyejenga karibu na kwetu, mjane mnene, mwenye bustani kubwa isiyokuwa na maana yoyote kwa udongo wetu ule wa chumvi. Kaka alikuwa anamwagilia maua, mzee amekaa kivulini anamhadithia klabu ya mji wao. Kitaliano chote cha kaka kilitoka hapo. Alikuwa hawezi kuomba dawa ya kichwa kwa lugha hiyo, lakini "refa yule alinunuliwa" alikuwa akiisema vizuri mpaka Wataliano wenyewe wanageuka.

Basi, klabu yenyewe ilianzishwa na wachomaji matofali. Uwanja wao wa kwanza ulikuwa malisho ya ng'ombe, na kabla ya mechi ilibidi kwanza ng'ombe wafukuzwe, kisha wachezaji wazoe kinyesi. Jezi ziliwekwa nyekundu kwa sababu vumbi la matofali lingezifanya nyekundu tu. Halafu akaja tajiri mmoja wa soseji, akawa mwenyekiti, akanunua mshambuliaji kutoka mji mkubwa, na klabu ikapanda, ikapanda, ikafika mpaka daraja la pili la nchi nzima. Ikakaa msimu mmoja. Mshambuliaji akavunjika mguu, tajiri akafa, wanawe wakasema wao wanapenda farasi. Kutoka hapo ni kushuka tu, leo mwenyekiti mwizi, kesho mwenyekiti mpumbavu.

Lakini ndani ya kushuka huko kulikuwa na Jumapili moja ya matope. Walicheza na majirani zao wa ng'ambo ya mto, mji mkubwa kuliko wao na wenye dharau, na kipa wa wachomaji matofali ndiye aliyefunga. Aliupiga mpira kutoka golini kwake, ukadunda, ukampita kipa mwenzake aliyekuwa anajifuta tope machoni. Moja bila. Mzee wa Malindi akifika hapo alikuwa analia. Kaka akifika hapo anakaa kitako kitandani na kunyoosha mkono kuuonyesha mpira unavyokwenda. Mimi napiga teke mbao: "Kaka, lala! Kipa huyo anafunga kila siku, hachoki?"

Anacheka. "Mdogo wangu, wewe huna klabu. Una timu ya kwenye televisheni."

Sasa nieleze kwa nini hadithi hii ilikuja kuwa kitu cha kufa na kupona. Geti la kaka lilikuwa la jengo lililokuwa bado linapanda, na kibanda chake kilikuwa cha bati. Saa za jua kali wajenzi walikuwa wanapumzishwa. Geti halipumziki. Choo kilikuwa upande wa pili wa jengo, na mlinzi akiacha geti bila mtu anakatwa mshahara, kwa hiyo kaka alijifunza kutokunywa maji. Ndivyo walinzi wote walivyofanya, walikuwa wanafundishana kama ujuzi wa kazi: unanywa alfajiri, unanywa jioni, katikati unalowesha midomo. Alianza kuumwa mgongo pande zote mbili, chini ya mbavu. Miguu ikawa inavimba. Mkojo wake, aliniambia mwenyewe huku anageuza uso, ulikuwa rangi ya chai ya rangi.

"Acha kazi hii, kaka."

"Niende wapi? Kafili ataniachilia?"

Ilikuwa kweli. Zama zile huwezi kuhamia kampuni nyingine bila kafili wako, mwajiri aliyekudhamini, kukubali kukuachilia, na kampuni yetu haikumwachilia mtu. Wenzetu waliomba, wakaambiwa ngoja. Wengine walikuwa wanaambiwa ngoja tangu sijafika.

Ndipo akaja injinia wa Kitaliano. Kila asubuhi gari lake jeupe linapita kwenye geti la kaka, yeye ndani na miwani yake nyeusi, anatikisa kichwa. Kampuni yake ilikuwa na ofisi Al Sadd, na ilikuwa na madereva, wamevaa mashati safi, wamekaa ndani ya kiyoyozi. Kaka alikuwa na leseni. Kilichotakiwa ni mkubwa mmoja tu amwambie mudiri wetu, meneja wa kampuni: huyu namtaka mimi. Mkubwa akisema hivyo, ngoja zote huisha.

Na kaka alijua afanye nini, maana Malindi sote tumekua tukilijua jambo hilo. Mtaliano mchekeshe. Akicheka, umekula. Akicheka leo, kesho anakuuliza jina, keshokutwa unamwendea sokoni, mwisho wa mwezi una kazi. Nusu ya nyumba za mtaani kwetu zilijengwa kwa kicheko cha Mtaliano. Wallahi hata mimi sikuona kosa.

Siku aliyochagua, basi langu lilikuwa limesimama pale getini nashusha watu, kwa hiyo nilishuhudia. Gari likasimama. Kaka akainama dirishani, akampa salamu, akamwaga yote kwa Kitaliano: wachomaji matofali, ng'ombe, soseji, na alipofika kwa kipa akanyoosha mkono. Alipolitaja jina la mji uliofungwa, injinia akavua miwani. Akashuka. Kitaliano changu ni cha kuuzia vinyago, lakini lile nililielewa. Alisema: "Huo ni mji wangu."

Lo! Sisi Malindi tulikuwa tunajua Wataliano. Hatukujua kwamba kuna Mtaliano anaweza kumchukia Mtaliano mwenzake kwa sababu ya mto. Nikaona kaka yangu amekwisha. Kumbe yule mtu akaangua kicheko, akajipiga mapaja, akaegemea gari, machozi yanamtoka. Mlinzi mweusi, katikati ya vumbi la Doha, anamtukana kwa lafudhi ya wachomaji matofali wa ng'ambo ya mto!

Kuanzia siku hiyo kila asubuhi gari linasimama. "Haya, sema ya kipa." Kaka anasema. Injinia akaja na wenzake, wakapanga mstari, wakasikiliza, wakapiga picha. Kaka anarudi chumbani uso unang'aa. "Amecheka, mdogo wangu. Amecheka tena." Mimi nilikuwa nimeanza kuwa na shaka. Mama alikuwa akituambia ukicheka na nyani utavuna mabua, nikajiuliza, na nyani akicheka na wewe je, nani anavuna? Sikumwambia. Ungemwambia nini mtu mwenye furaha ile?

Hatimaye kaka akajipa moyo, akaomba kazi ya udereva. Injinia akamtazama, akatabasamu, akasema: "Tuweke dau. Klabu yenu msimu huu inaning'inia. Isiposhuka daraja, nitakwenda mwenyewe kwa mudiri wako."

Alisema kwa mzaha. Najua sasa. Lakini kaka alilipokea kama mtu anayepokea posa.

Haya, mimi niliyeudharau mpira wa Italia nikawa mtu wa kuufuata. Kila Ijumaa tunachukua basi mpaka Al Mansoura, kwenye duka la intaneti la Mmalayali mmoja, Mhindi wa Kerala, kaka anasoma magazeti ya mji ule, mimi namwuliza wamefanya nini. Wamefungwa. Wametoka sare. Wamefungwa tena, beki amejifunga mwenyewe. Nilikuwa namlaani yule beki kwa matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa, mama yu hai. Wiki moja walishinda ugenini, na sisi wawili tulikumbatiana pale dukani mpaka Mmalayali akadhani tumepata mtoto. Mechi ya mwisho walitaka sare tu. Wakapata. Hawakushuka.

Kaka alilala akilia kwa furaha. Alikuwa amekonda sana zama hizo, nilimsikia akilia lakini kitanda hakikutikisika.

Asubuhi akamkumbusha injinia. Injinia akampigia saluti. "Bravo. Dau ni dau. Nikirudi kutoka likizo, nitakwenda." Akaenda likizo, kwa maana wao kiangazi chote hawapo.

Kiangazi kile ndicho kilichommaliza. Nilimwambia aende hospitali, alale hata siku mbili. Akakataa katakata. "Nikilala wataweka mtu mwingine getini. Injinia akirudi atamkuta nani?" Nilimfokea. Nilimwita mjinga, mimi mdogo wake, mbele ya watu. Akanijibu taratibu kwamba amengoja miaka, hawezi kuachia akiwa ameshafika mlangoni. Akaendelea kulowesha midomo. Usoni alikuwa amevimba asubuhi, jioni amenyauka, na akiongea nasikia pumzi yake ina harufu ya chuma.

Injinia alirudi, amekuwa mwekundu kwa jua la kwao. Nilikuwepo tena; nilikuwa nimeshaanza kuchelewa makusudi pale getini ili nimwangalie kaka. Akasimamisha gari, akashusha kioo, anacheka tayari.

"Umesikia? Wamefutwa! Mwenyekiti wenu amefilisika, wameshindwa kuandikisha timu. Hakuna klabu tena. Imekufa."

Kaka akasema, "Lakini haikushuka."

"Haikushuka, imekufa! Na klabu iliyokufa, rafiki yangu, dau lake limekufa nayo." Akampiga begani kirafiki. Halafu akamwambia, "Lakini sema ya kipa, mara ya mwisho."

Na kaka akasema. Haki ya Mungu, akasema yote, na mkono akaunyoosha. Alifikiri labda bado. Mtaliano akacheka, akapandisha kioo, akaingia kazini.

Kaka hakumaliza wiki pale getini. Alianguka pale kibandani, akapelekwa hospitali, na huko wakasema figo zote mbili zimekwisha. Wauguzi walimtendea vyema, siwezi kusema uongo. Kampuni nayo ikafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona ikifanya: ilimwachilia. Hakuna aliyesema ngoja. Tiketi ilikatwa, muhuri ukagongwa, na mudiri mwenyewe akampa mkono. Kitu alichokililia miaka yote akakipata kwa siku moja, kwa kuwa hakuna tena mtu ambaye angemtaka. Nilimpeleka uwanja wa ndege kwa basi la kampuni, sisi wawili tu ndani, viti vyote vitupu. Akakaa nyuma yangu na kichwa kwenye kioo.

Nyumbani anasafishwa damu kwa mashine. Siku ambayo pesa yangu haijafika, mashine inamngoja na yeye anavimba. Mama ananipigia simu, haniulizi hali, ananiuliza kama ya wiki ijayo ipo. Na mshahara wa dereva wa basi unajulikana, maji yalishazidi unga zamani. Nimeomba kuachiliwa. Nimeambiwa ngoja.

Klabu, kwa taarifa yako, ilianzishwa upya. Daraja la chini kabisa, kwa jina lingine, uwanja wa kanisa. Nilimwambia kaka kwenye simu, nikidhani atafurahi. Akauliza kama kuna ng'ombe. Nikasema sijui. Akasema amechoka, akampa mama simu.

Msimu wa joto uliofuata nilikuwa nimepakia watu kwenye jengo jingine kabisa, jioni, narudi Sanaya. Mtu akagonga mlango wa basi. Miwani nyeusi.

"Wewe ni ndugu yake yule wa matofali! Yuko wapi?"

Nikamwambia. Akavua miwani, akatikisa kichwa, na alisikitika kweli, niliona. Alikuwa mtu tu, si shetani. Ingekuwa rahisi kama angekuwa shetani. Akauliza mimi nafanya nini, nikasema naendesha. Akasema wao daima wanatafuta madereva wazuri. Akasimama pale, mguu mmoja kwenye ngazi, na pembe ya mdomo wake ikaanza kupanda.

"Ile ya kipa," akasema. "Na wewe unaijua?"

Nyuma yangu watu walikuwa wamechoka, wanataka kwenda kupika na kulala, na kiyoyozi cha basi lile hakifanyi kazi bila injini. Nikamtazama Mtaliano. Nikaweka lile tabasamu la kwetu.

"Naijua yote, bosi," nikasema, nikazima injini, nikaanzia kwa ng'ombe.