Mwati wa Merle Noske

Mwaka ule kiangazi kilipoyaua mawaridi yake yote, Merle Noske aliyang'oa kwa jembe, moja baada ya jingine, na hakulia. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Miaka ishirini na tisa alikuwa mpishi wa hospitali ndogo ya mji wao, katikati ya mashamba ya ngano ya nchi kame ya Mallee, na tangu mumewe Alf afariki aliishi peke yake.

"Nipe kitu kisichonililia maji," alimwambia Glenys, mwenye kitalu cha miche.

Glenys akampa mwati wa kichaka, mti wa jamii ya migunga, wa hukohuko kwao, usiozidi kimo cha mtu. "Umwagilie mara moja kwa wiki mpaka mizizi ishike. Mbolea usiweke kabisa. Halafu usahau kama upo."

Kusahau Merle aliweza. Lakini miezi miwili haikuisha, majani yakageuka njano, mwati ukalala chali. Akanunua wa pili, akaupanda upande mwingine wa bustani. Nao ukafa vilevile. Safari hii aliung'oa, akautia kwenye gari na udongo wake, akaenda kuubwaga juu ya meza ya Glenys mbele ya wateja.

"Huu ndio unaostahimili ukame? Mwongo mkubwa wewe!"

Glenys aliinua mizizi, akainusa, akakunja uso. "Merle, huu haukufa kwa kiu. Umezama."

"Umezama wapi, na mvua hatujaiona tangu Pasaka?"

"Basi kuna mtu anaumwagilia."

Merle akarudi nyumbani na mwati wa tatu, moyo ukimchemka. Ijumaa, kama kawaida, aliondoka asubuhi kwenda kuuza kwenye duka la mitumba la kanisa. Ila safari hii aliliacha gari kwenye kona, akarudi kwa miguu.

Hapo bustanini, amevaa pajama na ndala, aliinama Clarrie, mdogo wake Alf, anayeishi nyumba ya pili. Alikuwa akimimina ndoo nzima ya maji aliyoogea.

"Clarrie!"

"Loo! Shemeji, si umekwenda dukani?"

"Unafanya nini?"

"Nausaidia. Uangalie ulivyo mkavu, maskini."

"Ndivyo unavyotakiwa kuwa! Unaumwagilia kila siku?"

"Hapana, kila siku wapi. Ni ukiwa umelala au umetoka tu, na Jumapili napumzika."

Merle akashusha pumzi. "Na mbolea?"

Clarrie akazitazama ndala zake. "Kidogo tu. Ya kuku."

Merle aliketi kwenye ngazi, hajui amtukane au amtupie ndoo. "Miti miwili, Clarrie. Nimemtukana Glenys wa watu mbele ya wateja kwa ajili yako!"

"Alf aliniambia nikuangalie," Clarrie alisema, sauti imeshuka. "Sasa nyasi hutaki nikukatie. Kwa daktari hutaki nikupeleke. Nikasema, angalau huu hauwezi kunikatalia."

"Umekukatalia. Mara mbili."

Siku hiyohiyo Merle aliuhamishia mwati mahali pakavu, kisha akaenda kumwomba Glenys radhi, jambo lililomuuma kuliko kununua miche mitatu. Kisha akamruhusu Clarrie ampeleke kwa daktari wa macho, ili mikono ya shemejiye ipate kazi nyingine. Njia nzima, kilomita mia moja, Clarrie alimweleza jinsi ya kukaa kwenye gari.

Mwezi wa nane wa mwaka wa pili, Merle aliamka akakuta mwati umejaa maua, vijipira vya manjano hadi ncha za matawi. Alisimama nao peke yake kwa muda. Kisha akaona hasira kwamba hakuna mtu wa kumwonyesha, akaenda kugonga kwa Clarrie.

Clarrie alikuja, akauzunguka mara mbili. "Si mbaya," alisema. "Una skonzi, shemeji?"

Merle alimtazama, akatikisa kichwa, akaingia jikoni kuwasha jiko.