Tundu la Sindano Kwenye Kidole cha Munyoki

Munyoki alitoka Kitui akiwa na miaka kumi na tisa, akaandikwa kuosha vyuma katika gereji moja ya eneo la viwanda, Nairobi. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kutazama mikono ya wakubwa zake, na kufikia mwaka wa 1983 alikuwa na kiwanja chake mwenyewe mtaani Baba Dogo: kibanda cha mabati, shimo la kuingilia chini ya magari, na wateja waliokuja kwa sababu alijua dizeli kuliko alivyojua petroli. Mkewe, Kavata, alikuwa akisema kwamba hata shuka zao zilinuka dizeli. Walikuwa na binti mmoja, Syombua.

Asubuhi moja ya Jumanne, Mzee Abdurahim alileta pikapu yake. Alikuwa na duka la vyakula mtaani Buruburu, na pikapu hiyo ndiyo iliyombebea unga na sabuni siku za kazi, na siku za Jumapili ikambebea mkewe Fatu na watoto. Alieleza kwamba kwa wiki nzima alikuwa akikuta matone chini ya gari kila asubuhi, na kwamba harufu ya dizeli ilikuwa imemchafua Fatu moyo hata akakataa kupanda.

Munyoki alianza chini kama ilivyo desturi. Tanki lilikuwa kavu. Alipapasa maungio ya paipu zinazotoka kwenye tanki, akatazama chujio na mipira ya kurudishia mafuta, yote kavu. Umajimaji ulikuwa ukishuka kutoka juu, upande wa pampu. Alipangusa injini kwa kitambaa mpaka ikang'aa, akawasha, akamwomba Mzee Abdurahim akanyage mafuta kidogo kidogo huku yeye akitazama.

Hakuona tone. Aliona kitu kama ukungu, chembamba kuliko moshi wa sigara, karibu na nozeli ya tatu, kinyunyizio cha mafuta. Akapeleka kidole cha shahada cha mkono wa kulia, akakipitisha taratibu chini ya paipu ya chuma, kutafuta pale unapotokea.

Alihisi kitu kikimchoma, kama kudungwa na sindano ya kushonea. Basi. Aliuvuta mkono, akatazama, akaona kitundu kidogo kisichotoa hata damu ya kutosha kupangusa. Akasema injini izimwe.

Ndipo alipoona kilichokuwa kikivuja. Paipu ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, karibu na nati. Na inchi chache kutoka hapo palikuwa patupu, mahali palipopaswa kuwa na klampu, kile kibano kidogo cha chuma kinachozishika paipu zisitikisike. Munyoki alipajua vizuri mahali hapo. Miezi minne nyuma ni yeye aliyefungua paipu zile. Klampu ilikuwa imemvunjikia mkononi, naye akajiambia kwamba ni kitu kidogo, atatafuta nyingine. Hakutafuta. Paipu ikawa ikitetemeka tangu siku hiyo mpaka ikachoka.

Habari ya klampu hakuitaja. Alimwambia Mzee Abdurahim asubiri, akaenda kutafuta paipu nyingine kwenye sanduku la vyuma vya zamani. Alikuwa bado anapekua alipogundua kwamba hakisikii kidole. Ncha ilikuwa nyeupe na ngumu, na uvimbe umeanza kuteremka kuelekea kiganjani. Spana aliyoishika ikamponyoka.

Hapo ndipo alipomkumbuka Naftaly.

Naftaly walikuwa naye kwenye ile gereji ya kwanza. Naye alidungwa na dizeli hivyo hivyo, akacheka, akaenda kula chakula cha mchana. Usiku ule mkono ulimvimba, asubuhi alikunywa dawa za maumivu, na siku ya tatu alipofika hospitali, walimkata chini ya kiwiko. Pampu ya dizeli, wazee wa gereji walieleza baadaye, husukuma mafuta kwa nguvu ya kupenya ngozi, na yakishaingia hutembea ndani ya nyama bila kuonekana. Munyoki alikuwa ameyasikia maneno hayo kwa masikio yake mwenyewe, na bado alikuwa amepeleka kidole.

Alirudi kwenye pikapu ameushika mkono wake kama mtu aliyebeba yai, akamweleza Mzee Abdurahim kwamba lazima afike hospitali saa hiyo. Mzee hakuuliza mengi. Aliingia ndani ya gari, akatia ufunguo.

Munyoki alitazama ule ufa. Chini yake kidogo tu lilipita bomba la moshi, na bomba hilo likishapata moto wa safari, ukungu ule ungeweza kuwaka. Hapakuwa na gari jingine zima kiwanjani. Alitaka sana kunyamaza.

"Mzee, usiwashe," alisema. "Tutaungua humo ndani."

"Si ulisema ni haraka?"

"Ni haraka. Lakini paipu imepasuka, na aliyeipasua ni mimi. Kuna klampu niliiacha bila kuirudisha. Umewabeba mama na watoto miezi minne, na kosa ni langu."

Mzee Abdurahim aliuchomoa ufunguo. Munyoki akajua anawaza Jumapili zile zote. Kisha mzee akashuka, akafunga mlango taratibu.

"Hayo tutayazungumza, fundi. Twende barabarani."

Walisimama kando ya barabara, na magari yakawapita bila kusimama. Uvimbe ulikuwa umefika katikati ya kiganja. Hatimaye dereva mmoja wa gari la mikate, jina lake Maingi, alisimama, akawapakia katikati ya trei tupu.

Hospitalini karani alikitazama kidole, akaona kitundu, akamwonyesha benchi. Watu walikuwa wengi, wenye vidonda vya kuonekana. Munyoki alijaribu kueleza habari ya dizeli, lakini karani alikuwa tayari anamwita mwingine. Mzee Abdurahim ndiye aliyeinuka na kumfuata muuguzi mmoja aliyekuwa akipita. Muuguzi huyo aliitwa Roseline. Alikibonyeza kiganja kwa kidole gumba, Munyoki akaruka. Roseline hakumrudisha kwenye benchi; alimpeleka moja kwa moja kwa daktari.

Daktari alimwambia bila kuficha kwamba watapasua ili kuyasafisha mafuta, na kwamba hajui watakachokuta. Wakamletea karatasi ya kukubali, hata kama italazimu kukata. Alitia sahihi kwa mkono wa kushoto, herufi zikienda upande. Alifikiria kwamba mtu wa kazi yake bila mkono wa kulia hana kazi, na kwamba Kavata saa hiyo alikuwa nyumbani akimngojea kwa chakula cha jioni. Walipoanza kukipasua kidole, kabla dawa haijamchukua kabisa, alisikia harufu ya dizeli ikijaa chumba.

Alipoamka, jambo la kwanza alilofanya ni kutazama bendeji. Mkono ulikuwapo. Kidole cha shahada kilikuwa kimekatwa kwenye kifundo cha katikati. Kavata alikuwa ameketi kando ya kitanda, macho mekundu.

"Baba Syombua," alisema, "umebaki na mkono. Yaliyobaki tutayabeba."

Ilipita miezi miwili kabla ya kurudi kiwanjani. Alikuta pikapu ya Mzee Abdurahim imesimama pale pale, imejaa vumbi. Mzee hakuwa ameipeleka kwa fundi mwingine. Alipokuja, alisema tu kwamba aliyejua ilipovunjika ndiye atakayeitengeneza, na kwamba Fatu anataka kumwona akiikagua kwa macho yake.

Munyoki alifunga paipu mpya na klampu mpya mbili. Kisha injini ikawashwa, na pale ndipo alipoaibika: hakuweza kuisogelea. Alisimama hatua tatu nyuma. Fatu alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda, akimtazama. Mwishowe Munyoki alikata kipande cha boksi la karatasi, akakibana kwenye koleo ndefu, akakipitisha chini ya kila paipu huku ameugeuza uso. Boksi lilitoka kavu. Akarudia mara nne.

Hofu ile haikumtoka. Miaka mingi baadaye, wateja wapya walikuwa wakicheka kumwona mtu mzima akizunguka injini na kipande cha boksi mbele yake. Naye aliwaacha wacheke. Kila baada ya wiki mbili, bila kuitwa, alikwenda Buruburu, akafungua boneti ya ile pikapu mbele ya duka, akashika klampu moja moja kwa vidole vyake tisa na nusu, injini ikiwa imezimwa.